Vitisho vya kuteka watoto: OB (nambari ya ripoti ya polisi) nitaipataje nikiwa Minneapolis?

Dada, Minneapolis: Wandugu, hamjambo. Kaka yangu anauza saruji na mabati pale Kondele, Kisumu. Wiki jana mtu alinipigia WhatsApp usiku: nitume pesa, la sivyo watoto wa kaka watabebwa wakitoka shule. Alitaja hata rangi ya basi lao. Kaka alienda kituoni akanyimwa OB, eti simu ilikuja kwangu, kwa hiyo mlalamishi nije mwenyewe. Je, hati ya kiapo yenye muhuri wa notari wa huku itakubaliwa, au lazima ipitie ubalozini Washington?

Wa Lanet, Leeds: Pole sana dada. Usifute chochote, hata simu ambayo hukupokea. Baba alipotishiwa kule Nakuru, tulianza na saa zake. Alikuwa akifunga duka saa moja kila jioni, mauzo ya siku mkobani, njia ileile. Watoto tukawapa neno la siri: asiyelijua hawapandi gari lake, hata awe mjomba. Picha zao zitoke kwenye status leo. Na kaka aajiri bodigadi wa bunduki kutoka kampuni yenye leseni ya PSRA, mamlaka ya walinzi binafsi.

Doha: Tusipotoshane, kuna watoto hatarini. Walinzi wa kampuni binafsi Kenya hawabebi bunduki. Wenye bunduki mnaowaona kwenye magari ya pesa ni polisi. Kaka aanze na walio karibu: dereva, mtunza stoo, yaya. Kila mmoja alete cheti kipya cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi.

Wa Lanet, Leeds: Sikuja hapa kupotosha mtu. Nilisema yaliyotusaidia.

Mzee, Toronto: Wanangu, msizozane. Tangu maandamano ya Juni 2024 tumeona vijana wakibebwa na watu wasio na sare. Sasa mtoto akiingizwa garini kwa nguvu, jirani atapiga nduru au ataogopa kwamba ni askari? Hilo linaniumiza. Nilikuwa natoka ufuoni Dunga, Kisumu, usiku, samaki mkononi, naimba njia nzima. Nataka kuzeekea kule.

Doha: Mzee, sote tunataka. Dada, kaka akikata bima ya utekaji, asimwambie mtu dukani, maana wakijua ipo, kikombozi kitapanda. Na mtu akikosekana, msingoje saa 24. Ripotini papo hapo.

Dada, Minneapolis: Asanteni. Watoto nimewahamishia kwa shangazi. Yule mtu amepiga tena alfajiri hii. Notari au Washington, nani amewahi kufanya?