Nywele za kipilipili: uliacha lini kupigana nazo? Tupeane uzoefu

Mleta mada (Dar)
Wadada, na wakaka mnaolea mabinti, habari za Jumapili. Tangu saa nne nimekaa sebuleni nafumua rasta za wiki sita, nikakumbuka miaka niliyokuwa nazichukia nywele hizi hizi. Nianze mimi.

Nimesoma shule za serikali, kwa hiyo mpaka kidato cha nne kichwa changu kilikuwa cha mashine. Nilipomaliza tu mtihani, nikaziacha ziote kidogo, moja kwa moja dawa ya kunyoosha. Yaani nywele zangu sikuwahi kuzijua: zilitoka kwenye kipara zikaingia kwenye kopo. Saluni ya kwanza nililalamika inaunguza, msusi akanijibu, "Vumilia, ikiwasha ndiyo inashika." Ikashika kweli. Niliondoka na kidonda nyuma ya sikio ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, asubuhi mto umenigandia. Na baada ya miezi miwili nikarudi! Nilirudi hivyo kwa miaka 9. Mwaka 2019 nilipokata zote watu wakanisifia ujasiri. Ujasiri gani? Za mbele zilikuwa zimeshakwisha.

Kilichonibadilisha ni maji, basi. Tangu utoto kila aliyenichana alinichana kavu, mimi nalia, yeye anasema nina nywele ngumu. Kumbe nywele ikijikunja kuanzia kwenye ngozi, mafuta ya kichwani hayateremki mpaka nchani, kwa hiyo ncha inakauka, ukivuta inakatika. Halafu tunasema hazikui. Zinakua, karibu sentimita 1 kwa mwezi, ila zinakatikia huko chini. Siku hizi nagawa mafungu manne, nalowesha, napaka kondishena, vidole kwanza, ndipo chanuo la meno mapana, kutoka nchani kupanda juu. Mafuta napaka zikiwa bado na unyevu, nasuka mabutu, nafunga kitambaa cha satini, nalala. Haya, leteni zenu.

Mama Pacha (Tanga)
Kwangu mchawi alikuwa kisima. Maji yetu ya chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zikikauka zinakuwa kama katani. Nilishamaliza hela kwenye makopo. Masika moja nikatega ndoo chini ya bati nikaoshea maji ya mvua, nikadhani nimegusa kichwa cha mtu mwingine. Sasa nina pipa la nywele tu, na mume wangu haruhusiwi kuoshea pikipiki.

Bibi Kisauni
Mie nilikuwa mtu wa kuchoma. Kila Idi, kichana cha chuma juu ya jiko la makaa, harufu nyumba nzima, na alama ya sikio ninayo mpaka leo. Kisha navaa buibui, hakuna anayeziona! Na joto la pwani lile, kabla ya adhuhuri zisharudi zilivyokuwa. Nyanya yangu alikuwa akinitazama tu. Yeye zake alizitia tui la nazi, akazisuka, akachomeka kikuba cha asumini, akaenda zake harusini akinukia. Nilimwona mshamba, Mungu anisamehe.

Msusi wa Sinza
Naomba niwatetee wenzangu kidogo. Si kila kipara cha mbele ni dawa. Mteja anakuja, "Dada, bana vizuri, zikae miezi mitatu." Namwambia ukiona vipele kwenye paji la uso ujue mzizi unavutwa, anasema ndiyo uzuri. Rasta zikibanwa hivyo kila mara, zile za pembeni hazirudi. Na nyie mnaopaka bamia kwenye nywele, pakeni, zinalainisha, lakini suuzeni vizuri! Nimeshafumua kichwa chenye mbegu. Mimi mwenyewe nina dawa na nywele zipo.

Mleta mada
Dada msusi, kwenye kubana umenena. Kwenye dawa sikufuati. Kuna utafiti wa Marekani wa 2022, wanawake zaidi ya 33,000, wanaonyoosha nywele kwa dawa mara kwa mara walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya wasionyoosha. Wenyewe walisema ni ugonjwa usio wa kawaida sana, na haijathibitika kwamba dawa ndiyo chanzo. Mimi kidonda changu kilinitosha.

Baba wa mmoja (Arusha)
Mke wangu anaingia zamu za usiku, kwa hiyo kichwa cha binti ni changu. Nilianza na mabutu mawili, moja linatazama Meru, jingine Moshi. Ana miaka 6, alikuwa anajifunga kanga kichwani, anaitikisa, anasema hizi ndizo nywele zake za kushuka. Wiki iliyopita nikiwa namlowesha akavuta moja mpaka begani, akaiachia ikajikunja, akacheka. Kaivuta mara ishirini. Shida ni kwamba Januari anaanza darasa la kwanza na kule wananyoa. Sijamwambia.

Mleta mada
Baba, mwambie mapema. Na umnyoe mwenyewe, hapo nyumbani, kwenye kiti chenu cha Jumapili. Mimi nilipelekwa kibandani kwa kaka nisiyemjua, na mashine ilikuwa ya moto.