Absalomu alikuwa na haki ya kumuua Amnoni?

Mleta mada: Wakuu, kila 2 Samweli 13 ikisomwa hakosi mtu wa kusema Absalomu alifanya ambacho kaka yeyote mwenye uchungu angefanya. Mimi nakataa.

Kwa wasiokikumbuka kisa: Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari, dada yake kwa baba, aje ampikie. Binti akakanda unga, akaoka mikate mbele yake. Akambaka. Papo hapo mapenzi yakageuka chuki iliyoyashinda mapenzi yenyewe. Akaagiza atolewe nje na mlango ukomewe. Tamari akajitia majivu kichwani, akalirarua vazi lake la binti mfalme, akaenda zake akilia.

Sasa mtazameni Absalomu, kaka wa tumbo moja. Alipomwona tu, akamwambia anyamaze. Yeye mwenyewe hakumsemesha Amnoni, kwa heri wala kwa shari. Miaka 2 ikapita. Ndipo akaandaa sherehe ya kukata manyoya ya kondoo huko Baal-hasori, akangoja divai imkolee Amnoni, akawaamuru vijana wampige. Hata mkono wake hakuutumia! Tamari alipata nini? Tunaachwa naye akiwa mkiwa nyumbani kwa kaka yake, na sauti yake haisikiki tena.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unamwonea. Daudi aliyasikia yote, akakasirika, basi. Hatusomi popote kwamba alimwita Amnoni hata kumhoji. Mfalme ndiye hakimu. Absalomu akashtaki wapi? Halafu soma sura ya 14: binti yake alimpa jina la Tamari. Huyo alimsahau dada yake?

Mchangiaji wa pili: Mbona mnampita Yonadabu? Binamu mtu, ndiye aliyemfundisha Amnoni hila ya kujiuguza. Na uvumi ulipofika kwamba wana wote wa mfalme wameuawa, ni huyo huyo aliyesema, amekufa Amnoni peke yake, Absalomu alikuwa na nia hiyo tangu siku ile. Alijua! Na hakuna aliyemgusa.

Mleta mada: Yonadabu ni nyoka, hapo hatubishani. Daudi naye simtetei, ukimya wake ndio ulioilea hiyo chuki. Ila nenda sura ya 16. Absalomu amemfukuza baba yake Yerusalemu, anapigiwa hema darini, anawaingilia masuria 10 wa baba yake, Israeli yote ikijua. Ushauri ulitoka kwa Ahithofeli, lakini aliyepanda darini ni nani? Wanawake wale walifungiwa ndani mpaka kufa kwao, wakiishi kama wajane. Na vita vyake na baba yake vilipofika msitu wa Efraimu, wakafa watu 20,000 kwa siku moja, Amnoni akiwa kaburini miaka mingi.

Anayesema yote yalianza kwa ajili ya Tamari anieleze lile hema lilikuwa la nini.