Usuluhishi wa ardhi kati ya kijiji na mwekezaji unasaidia kweli au tunapotezeana muda?

Mleta mada: Wakuu habari za mchana, niko Lindi huku. Kijijini kwetu kuna kampuni inataka eneo la kulima, mikorosho ya watu imeingia ndani ya mipaka yao na tangu mwaka jana ni vikao tu. Kila mtu anasema twendeni baraza la kata. Sawa, ila mjue tangu sheria irekebishwe 2021 baraza la kata halihukumu tena, linapatanisha tu, siku 30 zikipita hakuna muafaka mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya. Tukaenda, wazee wako kwenye benchi toka asubuhi, msemaji mjomba maana shamba ni la ukoo wa mama, kampuni ikatuma dereva na barua. Dereva! Tukanywa soda tukarudi.

Mchangiaji: Mkuu unataka wawekezaji wakimbie? Hiyo mikorosho imezeeka, vijana wote wameishia bodaboda Mtwara mjini. Kubalianeni fidia yaishe.

Mleta mada: Sijasema wakimbie ndugu yangu. Fidia unalipwa mara moja, mkorosho hata ukizeeka unaokota kila msimu. Ila hoja yangu ni lini tusuluhishwe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndo unakubali au unakataa, likizidi hapo mnatoa mapendekezo tu, anayeamua waziri. Sasa pa kubishana si hapo, kabla muhuri haujapigwa? Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ya jumla, yaani ikitoka mikononi mwa kijiji kwenda serikali kuu, hairudi yenyewe hata mwekezaji akifilisika. Kilwa wanajua, Bioshape ya Uholanzi ilikuja na kilimo cha mbono wa mafuta, ikachukua maelfu ya hekta za vijiji kina Mavuji na Migeregere, ikaanguka, watu wakabaki miaka wanauliza ardhi ni ya nani. Hapo utasuluhishwa na nani, mbono? Mi naona bora kijiji kikodishe kwa miaka inayohesabika, hati ibaki kwetu.

Mchangiaji mwingine: Mkutano mkuu ulikaa? Muhtasari na mahudhurio mnayo? Maana hapo ndo majina ya marehemu huwa yanasaini.

Mleta mada: Kitabu anacho mtendaji. Na mtendaji kahamishwa mwezi uliopita.