Naomba ushauri: safari ya TAZARA na mama mtu mzima

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Bububu, Unguja. Tangu niko skuli napenda treni kupita kiasi. Na treni hapa kwetu ilikuwepo: mwaka 1905 ilikuwa ikitoka mjini, pale Ngome Kongwe, hadi Bububu, maili saba hivi.

Sasa nimepata likizo, nataka kuvuka Dar nipande TAZARA hadi Mbeya. Ile ya umeme ya Dodoma inasifiwa kwa kasi, lakini mimi kasi siitafuti. Nataka kukaa dirishani, nisikie magurudumu yakigonga kwenye maungio ya reli, khasa kile kipande cha Mlimba hadi Makambako chenye mahandaki na madaraja marefu.

Waliosafiri karibuni nisaidieni: kipande hicho kinapitwa mchana au usiku? Nikae upande upi? Nafuatana na mama, umri umekwenda na magoti yanamsumbua. Je, ngazi za behewa atazimudu, na kitanda cha chini mtu anaweza kuchagua anapokata tikiti? Kuhusu chakula, tubebe chetu au kilichomo kinatosha?

Shukran sana.