Fedha za mfadhili zinapita wapi kabla ya kumfikia mtoto?

Mlezi wa Mbagala

Habari za leo, ndugu zangu. Ninamlea mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye kwa miaka minne sasa ameandikishwa katika kituo cha huduma ya mtoto kanisani, huku Mbagala. Mfadhili wake ni mama mmoja aliyeko Marekani. Mwezi uliopita barua yake ililetwa ikiwa imekwisha kutafsiriwa, na ndani yake alimweleza mtoto kwamba hata alipoachishwa kazi hakukosa mwezi hata mmoja kutoa mchango wake wa dola 40 hivi, na kwamba siku ya kuzaliwa kwake alimtumia zawadi ya fedha. Niliikunja barua ile nikakaa nayo muda mrefu. Kwa hesabu yangu, mchango huo unafika kama shilingi laki moja kila mwezi, ilhali nilivyoviona mwaka huu ni sare, viatu, madaftari, sabuni na mchele wa Krismasi.

Simtuhumu mtu. Nilimuuliza mwalimu wa kituo, akanijibu kwa upole kwamba fedha zinakwenda kwenye huduma, na wazazi wenzangu wakaninong'oneza ninyamaze ili mtoto asije akaondolewa. Je, mlezi ana haki ya kuuliza? Na akiuliza, aulize nini?

Mhasibu wa zamani, Tabata

Pole kwa mzigo huo, kaka, na swali lako ni halali kabisa. Nilitunza vitabu vya kituo cha namna hiyo kwa miaka sita, nami naomba kwanza tuondoe dhana moja: mchango wa kila mwezi si posho ya mtoto, na haujawahi kuwa hivyo. Mfadhili anaunganishwa na mtoto mmoja kwa jina, picha na barua, lakini fedha yake inaingia katika mfuko wa huduma ya watoto wote.

Mashirika yanayoleta fedha za wafadhili nayo hayafanani. Compassion, lililoanzishwa mwaka 1952 na mhubiri Everett Swanson kwa ajili ya yatima wa vita vya Korea na ambalo lipo Tanzania tangu mwaka 1999, hupitisha fedha katika makanisa ya mahali, na kanisa ndilo linaloendesha kituo. World Vision, la mwaka 1950, huzielekeza zaidi katika eneo zima, yaani visima, afya na lishe, hivyo hata jirani asiye na mfadhili huchota maji yaleyale. Ukimuuliza mlezi wa huko mtoto wake amepewa nini mkononi, huenda akakosa jibu, na bado fedha ikawa imefanya kazi yake.

Katika kituo chetu, chakula cha Jumamosi na matibabu ndivyo vilivyomeza fedha nyingi. Wakati Toto Afya Kadi, yaani kadi ya bima ya afya ya watoto, ilipokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, tuliwakatia watoto wote, na bado mtoto mmoja mwenye matatizo ya moyo alitumia katika miezi mitatu kiasi ambacho wenzake kumi hawakutumia mwaka mzima. Sikuona kosa hapo, kwani ndiyo maana ya mfuko wa pamoja.

Zawadi ni jambo jingine. Hiyo hutumwa kwa namba ya mtoto, nje ya mchango wa mwezi, na inapaswa kumfikia yeye. Sisi tulikwenda dukani pamoja na mlezi, mlezi akachagua godoro au mabati, risiti ikaandikwa kwa jina la mtoto, mlezi akatia saini, mtoto akapigwa picha na kitu chake, ndipo barua ya shukrani ikaandikwa. Ulizia zawadi hiyo kwanza.

Mkaguzi wa hesabu, Kijitonyama

Nakubaliana na mhasibu, ila nina la kuongeza kuhusu asilimia zinazotangazwa. Shirika likisema kwamba sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye programu, neno hilo huweza kubeba pia mishahara ya watumishi wa mikoani, magari, mafunzo, na hata kazi ya kutafsiri barua. Hayo yote ni matumizi halali. Hata hivyo, asilimia hiyo haikuambii kama uji wa Jumamosi ulipikwa.

Kisheria pia kuna pengo ambalo wengi hawalioni. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 kutangaza hadharani chanzo na matumizi ya fedha hizo. Lakini kanisa limesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, si chini ya sheria ya mashirika hayo, kwa hiyo vitabu vya kituo hutegemea zaidi ukaguzi wa shirika lenyewe na uhai wa kamati ya wazazi. Kamati ikilala, hakuna jicho lingine la karibu. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha habari za waandishi wake waliofadhili watoto 12 kupitia mashirika manne na kisha wakawafuata walipo. Mmoja wa watoto hao, nchini Mali, alikuwa amekwisha kufariki huku fedha zikiendelea kupokelewa kwa jina lake.

Mwalimu, Temeke

Mimi nililelewa katika kituo hadi kidato cha nne, kabla ya elimu bila ada ya mwaka 2016, na ada yangu ililipwa kwa fedha hizo. Wachumi watatu, Wydick, Glewwe na Rutledge, walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, zikiwamo Kenya na Uganda, wakakuta kwamba waliofadhiliwa kupitia Compassion walisoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hivi. Tanzania haikuwamo, lakini ninajiona humo.

Kwa hiyo nakusihi usimwondoe mtoto. Wala usinyamaze: mama yangu alikuwa akiuliza kila mkutano, na hakuna aliyenigusa.

Mlezi wa Mbagala

Ahsanteni sana. Leo asubuhi nilikwenda kituoni na kuomba jalada la mpwa wangu. Mhasibu wa kituo alilileta bila kusita. Nilikuta kurasa mbili za hospitali: mwezi Mei alilazwa siku nne kwa homa ya mapafu, nami, kwa aibu ninakiri, nilikuwa nimesahau kwamba sikulipa hata senti siku ile ya kutoka. Nilikuta pia mahudhurio yake ya Jumamosi na nakala za barua.

Karatasi ya zawadi ya siku ya kuzaliwa haikuwamo, wala saini yangu, wala picha. Mhasibu alinyamaza kidogo, kisha akaandika namba ya mtoto na tarehe ya barua kwenye daftari lake mbele yangu, akaniomba wiki mbili awasiliane na ofisi yao ya taifa. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ya tarehe 22. Nimemwambia nitaomba pale orodha ya zawadi zote za mwaka huu isomwe kwa sauti, na ameniahidi kwamba ataileta.