Zinia ndefu za kukata: Benary's Giant au Oklahoma?

Bustani_Tengeru
Habari za jioni wakuu. Kuna mama mpambaji wa harusi hapa Arusha, ameahidi kuchukua maua ya zinia kila Alhamisi mradi vikonyo visipungue sentimita 45. Nina matuta mawili ya mita 10. Mbegu naagizia nje na hela inatosha aina moja tu. Niende na ipi? Na nisie kwenye trei au shambani moja kwa moja?

Mzee_wa_Samadi
Benary's Giant, wala usijiulize. Inafika mita moja, ua sentimita 10 hadi 12, linajaza kiganja. Oklahoma ua lake ni kama mdomo wa kikombe cha kahawa chungu. Nani ataliona ukumbini?

Lushoto_Juu
Mzee wangu, shikamoo, lakini wewe una jua. Huku kwetu niliotesha zote mbili. Benary ilishikwa na ubwiri unga kabla sijakata hata ndoo moja, majani utadhani yamenyunyiziwa sembe. Oklahoma nayo ilishikwa, ila baadaye, nikiwa nimeshauza wiki tano. Kosa nililichangia mwenyewe: nilipanda kwa sentimita 15. Siku hizi naacha 30, namwagilia asubuhi, maji yanapita chini tu.

Thika_Shambani
Trei niliacha. Zinia haitaki mizizi iguswe. Ukichelewa kuhamisha, mche unadumaa moja kwa moja. Fukia mbegu nusu sentimita tu, udongo ukiwa na joto zitaota siku ya nne au ya tano.

Lakini ndugu, aina si kitu kama hukati ncha. Mche ukifika sentimita 25 hivi, kata juu ya jozi ya tatu ya majani. Roho itakuuma, kata tu. Matawi yatakayotoka pale ndiyo yatakupa hizo 45 zako.

Mzee_wa_Samadi
Mimi sikati. Unapoteza wiki nzima, wakati mwingine mbili.

Thika_Shambani
Na ua lako la kwanza linatoka katikati, ukilitaka na kikonyo kirefu unaondoka na nusu ya mmea. Sivyo, mzee?

Mzee_wa_Samadi
Hapo umenishika.

Lushoto_Juu
Kuvuna pia kuna kazi yake. Shika kikonyo sentimita 20 chini ya ua, tikisa. Shingo ikilegea kama ya kuku anayesinzia, liache. Ukilikata litainama kwenye ndoo na halifunguki tena. Likisimama kama fimbo, kata. Vikonyo vina vinyweleo, maji yanachafuka upesi, kwa hiyo badilisha kila siku na tone la jiki. Na usiziweke kwenye friji kali, baridi inaziunguza.

Bustani_Tengeru
Asanteni sana. Nimeamua Benary's Giant, nasia mwanzoni mwa Agosti baridi ikianza kuondoka, nianze kukata mwishoni mwa Oktoba. Oklahoma nitaijaribu msimu wa baridi. Sasa yule mama mpambaji kapiga simu, anauliza kama nyeupe zipo.

Mzee_wa_Samadi
Zipo, ila nyeupe haifichi hata tone moja la mvua. Na Novemba vuli inakusubiri. Sia mstari mmoja tu, kilichobaki weka rangi ya waridi.