ATI NUNUA FIRIMBI??? Mimi huyu???

Ndara_Buluu:
Leo salamu hakuna, nina hasira. Natoka sasa hivi kwa yule jamaa, sitaji mtu, mnamjua, yule wa miwani juu ya kipara na kalamu mbili mfukoni, aliyeulizia bunduki hapa kisiwani lazima ashapita mikononi mwake. Nikaingia kwa adabu, nikamwambia ami nataka bunduki ya bei ya mtu wa kawaida, kazi zake mbili tu, Jumamosi nikalenge shabaha na usiku ikae ndani maana huku kwetu Kisauni vijana wa panga wakishuka hata paka hubisha hodi. Hakunijibu. Aliinama. Akaangalia ndara zangu, ya kulia, ya kushoto, akarudi ya kulia ile nimeishikiza kwa msumari. Kisha akasema polepole kama daktari: "Wewe kwa hali hii nunua firimbi."

FIRIMBI.

Wallahi nimetukanwa na makanga, nimetukanwa na mkwe, lakini hii! Mbele ya watu! Kulikuwa na mama na mwanawe, mtoto alicheka mpaka kaimati ikamtoka mdomoni ikabingirika mpaka kwenye ndara yenyewe. Na si kwamba nilienda mjinga, nimesoma miezi minne. Nikamwambia nataka ya .22, yaani risasi yake upana kama inchi 0.22, ya kukoki kwa mkono, sitaki zile za jeshi, risasi yake gramu 2.6 tu, haikupigi teke begani, na risasi zenyewe ni rahisi kuliko zote, ndiyo hiyo wanalengea Olimpiki mita 50, kile kiduara cha alama kumi kina milimita 10.4, kifungo cha shati hicho! Nayasema yote hayo, yeye bado yuwaniangalia miguu. Ati baadaye ndo ananiambia .22 ni ya shabaha, mwizi haimwangushi kwa uhakika. Sawa, huenda ni kweli, lakini utanishauri vipi na ushaniambia ninunue firimbi? Ungeanza na ushauri! Alivyoinama lakini. Kiuno kizima, na juzi alilalamika mgongo.

mzee_wa_makupa:
Chukua ya plastiki, ya chuma kwa chumvi ya huku italika na kutu

Ndara_Buluu:
Sijaomba utani

BintiTudor:
Kwani amekosea wapi? Kakangu, wewe wakaa nyumba ya mabati na plaiwudi, hiyo .22 unayoiona ndogo itatoboa ukuta wako na wa jirani na bado ina nguvu. Pakiti ya risasi yenyewe yaonya inaweza kufika maili moja na nusu. Utalenga mwizi umpate mtu anasukwa nywele kibarazani.

Kalenga_Kidogo:
Mimi niongee kwa upole. Umeenda kuulizia bei na leseni unayo? Bodi ya Leseni za Silaha ikupitishe kwanza, alama za vidole, sababu ya kuitaka, na mahali salama pa kuifungia. Mwisho wa 2018 hata wenye leseni tayari waliambiwa warudi wahakikiwe upya. Sefu hiyo weka kwa hesabu tangu mwanzo, usijidanganye bei ni ya bunduki peke yake. Ikishapatikana, .22 ya kukoki kwa shabaha hujutii. Ila huku Pwani usiilaze kwenye ala ya ngozi, ngozi hunyonya unyevu. Rafiki yangu aliiacha humo mvua za Mei, kuja kuitoa mtutu wote una upele rangi ya chai ya rangi. Tulikaa na kitambaa na mafuta mpaka adhuhuri, na upele haukutoka wote.

Ndara_Buluu:
Shukran kaka, wewe ndo mtu. Lakini umesoma pale alipoinama?

Kalenga_Kidogo:
Nimesoma

Ndara_Buluu:
ALIINAMA

makanga_mstaafu:
prrrrrrrrriiiiiii 😂😂 mwizi huyoooo

mzee_wa_makupa:
Mwanangu nunua viatu kwanza, bunduki itafuata

Sauti_ya_Kongowea:
Nyie mwalia na firimbi, mimi asubuhi tuktuk kanitoza mara mbili ati kiti cha nyuma nimekalia na gunia. Gunia la nazi tatu!

makanga_mstaafu:
Nazi tatu si gunia ni mfuko, ulimpa sababu mwenyewe

BintiTudor:
Afadhali wewe una nazi. Mimi leo nimeuziwa mbaazi bila tui. Maji na chumvi. MOMBASA HII

mzee_wa_makupa:
Astaghfirullah

Sauti_ya_Kongowea:
Bila tui???? Nani huyo?

BintiTudor:
Sitaji, mnamjua. Wa mwavuli wa kijani.

Kalenga_Kidogo:
Huyo! Mahamri yake siku hizi ukiyabonyeza yanatoa upepo tu, iliki hausikii hata kwa mbali

mzee_wa_makupa:
Alianza lini kuweka maji? Mamake alikuwa akikuna nazi mbele yako unaona

Ndara_Buluu:
Wandugu turudi kwa mada

BintiTudor:
Nilimuuliza tui liko wapi, akaniambia liko kwa chini, koroga. Nimekoroga mpaka kijiko kimepinda

Ndara_Buluu:
Mwavuli wa kijani wa upande wa msikitini? Huyo ana deni langu la mia mbili